Tumelichosha neno "mnafiki"

(Mazungumzo niliyoyatoa Tanga mbele ya walimu na wanafunzi wa Kiswahili, katika maadhimisho ya Siku ya Kiswahili Duniani. Nimeyaandika karibu kama nilivyoyasema.)

Mwenyekiti, walimu wenzangu, wazee wangu mlioketi mbele, shikamooni. Vijana, hamjambo.

Nilipoalikwa niliombwa nizungumzie utajiri wa Kiswahili. Mada hiyo huwa naikwepa. Anayezungumzia utajiri huishia kuhesabu, na hesabu ya maneno haina mwisho wala haina utamu. Nimeomba nichague kona moja tu: maneno tunayomsemea mtu anayejiona msafi kuliko wenzake, na yale tunayomsemea mtu ambaye ulimi wake na moyo wake haviendi njia moja. Nimeichagua kwa sababu naona tunaifuja. Neno moja, mnafiki, limeyameza mengine yote. Kazi yangu ni kusahihisha maandishi ya watu, na hili nalikuta kila wiki. Mbunge akihama chama, mnafiki. Jirani asipokualika kwenye shughuli yake, mnafiki. Rafiki akinyamaza ulipokuwa unasengenywa, mnafiki. Mchezaji akihamia kwa watani wa jadi, huyo ndiye mnafiki mkubwa. Watu wanne, makosa manne, na pengine mmojawapo hana kosa lolote, lakini wote tumewavisha kofia moja.

Tumtazame kwanza mnafiki mwenyewe, kwa sababu neno hili halikuja kwetu likiwa tusi la mtaani.

Wanalugha wa kale wa Kiarabu walilihusisha na shimo la panya wa jangwani. Mnyama yule huchimba tundu lenye mlango unaoonekana na mlango mwingine wa siri, alioufunika kwa udongo mwepesi. Ukimvamia kwa mbele, anausukuma ule udongo kwa kichwa na kutokea nyuma. Kisha neno likapata sura ya watu pale Madina, wakati wa Mtume. Walikuwapo waliosali safu moja na wenzao, wakatoa salamu, wakakaa barazani, na mioyo yao ilikuwa upande mwingine. Anayetajwa zaidi ni Abdullah bin Ubayy. Katika mwaka wa 3 wa Hijria, yaani 625, jeshi likiwa njiani kwenda Uhud, yeye aligeuza na watu wapatao 300 akarudi mjini. Ndiyo maana Sura ya 63 ya Kurani ikaitwa Al-Munafiqun, na ndiyo maana hadithi mashuhuri ikatoa alama tatu: akizungumza husema uongo, akiahidi hatimizi, akiaminiwa hufanya hiyana.

Kwa hiyo mnafiki kamili ana vitu viwili. Ana jambo analolitangaza ambalo halimo moyoni mwake, na ana mlango wa nyuma. Mbunge aliyehama chama mchana kweupe, mbele ya kamera, kadi ya zamani mkono huu na mpya mkono ule, mlango wake wa nyuma uko wapi? Mwiteni kigeugeu na hamtakuwa mmemwonea. Kigeugeu hubadilika kweli; jana aliamini, leo haamini, kesho Mungu anajua. Anachosha, lakini hajifichi.

Wapokezi wa habari za Madina wana kisa ambacho mimi husikitika kuona hakisimuliwi mara nyingi. Mtume alimwambia sahaba mmoja, Hudhaifa bin al-Yaman, majina ya wanafiki, ikawa siri yake. Baadaye Omar bin al-Khattab, khalifa wa pili wa Waislamu, akamwendea Hudhaifa akamuuliza kama jina lake yeye, Omar, limo katika orodha ile. Sikilizeni vizuri aliyeuliza ni nani na aliuliza habari za nani. Sisi tungemuuliza Hudhaifa kuhusu shemeji.

Sasa tupite haraka kwa ndugu wa mnafiki, maana kila mmoja ana kosa lake.

Ndumilakuwili ni jina linalotokana na nyoka wa udongoni ambaye kichwa na mkia ni vigumu kuvitofautisha, watu wakasema anauma kuwili. Huyu anahitaji pande mbili zinazogombana. Asubuhi yuko kwa mke mkubwa anamwambia mdogo hafai, jioni yuko kwa mdogo anakunywa chai ya maziwa. Pasipo ugomvi, ndumilakuwili hana kazi. Kauleni ni mwenye kauli mbili: aliahidi, akakana au hakutimiza. Hili ni neno zuri sana na linakufa. Nimelikuta kwa wazee wa pwani na katika kamusi, kwa wanafunzi wangu silikuti. Mzandiki lina safari ndefu kuliko yote. Lilitoka Uajemi likaingia Kiarabu, na enzi za makhalifa wa Baghdad lilikuwa shitaka la kumpeleka mtu kwenye upanga, kwamba anaficha dini nyingine chini ya Uislamu. Kwetu limepungua ukali, limebaki kwa mwongo mwenye hila.

Na kuna mgeni wa juzi, chawa. Vijana mnacheka, mnamjua. Mtu anayeishi mwilini mwa tajiri au mkubwa na kumsifia mchana na usiku. Wengi humuweka kundi moja na mnafiki. Mimi nakataa. Chawa wa siku hizi anajitambulisha, "mimi ni chawa wa fulani," na kila mtu anajua sifa zake zinalipiwa. Hamdanganyi mtu, isipokuwa labda huyo anayemlipa. Aibu anayo, unafiki sina hakika.

Huyo anayesifiwa naye Kiswahili hakikumsahau. Mtu akikusifu kwa usichokuwa nacho, amekuvika kilemba cha ukoka. Kilemba pwani kilikuwa heshima. Ulikiona kichwani mwa kadhi, mwa liwali, mwa mwanachuoni. Ukoka ni majani. Asubuhi yanapendeza, adhuhuri yamenyauka, na aliyevikwa ndiye wa mwisho kujua. Akikuliwaza kwa maneno matamu ili ukae kimya usidai chako, amekupaka mafuta kwa mgongo wa chupa. Hebu jaribuni kuiona: chupa imejaa, imeshikwa kinyume, mgongo wake unasuguliwa kwenye ngozi yako, unahisi ubaridi wa kioo, unahisi mkono unakwenda na kurudi, na tone moja halijakufikia. Aliyebuni msemo huu alikuwa amepakwa. Halafu yupo anayeuma na kupuliza, kama panya anayetafuna unyayo wa aliyelala: anapuliza pahali pale, mtu hasikii, asubuhi anakanyaga sakafu ndipo anajua. Meneja anayekusifia mbele ya kikao na kuandika barua ya kukuhamisha jioni hiyo, huyo anauma na kupuliza. Hakuna haja ya kumtafutia jina kubwa zaidi.

Nimefika kwa anayejiona msafi. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu hapa lugha yetu ina akili ya ajabu.

Angalieni vitenzi vyenyewe: kujikweza, kujitakasa, kujikinai, kujihesabia haki, kujidai, kujiona, kujishaua, kujikosha. Vijana wa Dar wameongeza kujimwambafai, na wala hawakuomba ruhusa ya Baraza la Kiswahili. Vyote vina -ji-. Mtenda na mtendwa ni mtu yule yule. Kutakasa ni kazi njema. Padri hutakasa, udhu hutakasa. Kukweza ni kazi njema. Watu humkweza mwenzao wakamweka mbele. Weka -ji- tu, kazi njema inaharibika. Hata methali inasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza, nazo ni -ji- mbili katika mstari mmoja, moja ya kusifu na moja ya kukebehi. Kwa hiyo walimu, msiwaambie watoto kwamba kiambishi hiki ni ubaya. Kujifunza, kujitegemea, kujitolea, vyote vimo humo. Ubaya unaingia pale mtu anapojipa hukumu ambayo kwa desturi hutolewa na wengine.

Katika orodha ile nalipenda kujikinai. Wenye Biblia ya Union ya mwaka 1952 mtalikuta Luka 18, mwanzo wa mfano wa Mfarisayo na mtoza ushuru. Wafasiri wanasema mfano uliambiwa watu "waliojikinai ya kuwa wao ni wenye haki." Kukinai ni kushiba hata chakula kikakuchukiza. Huyu ameshiba haki yake mwenyewe. Anasimama hekaluni anahesabu: nafunga mara mbili kwa juma, natoa zaka. Na jambo ambalo wahubiri wengi hulipita ni kwamba hajadanganya. Hakuna mahali mfano unaposema kwamba hakufunga au hakutoa zaka. Alifunga, alitoa. Sala yake ni ya kweli tupu, na imeoza. Ukimwita huyu mwongo au kauleni umemkosa kabisa. Kosa lake limo katika maneno machache aliyoyatanguliza kabla ya hesabu ile, "wala kama huyu mtoza ushuru," pale macho yalipotoka kwa Mungu yakaenda kwa jirani.

Waislamu wana maneno mawili kwa mambo haya, nayo ni vizuri kuyatenganisha. Ujubu ni kujistaajabia mwenyewe, hata ukiwa peke yako chumbani. Ria ni kufanya jema ili uonekane. Mwenye ujubu hahitaji watazamaji. Mwenye ria hawezi kuishi bila wao. Sura ya Al-Maun inawataja wenye kusali huku wakijionyesha, na hadithi ikaiita ria shirki ndogo. Injili nayo inawataja wanaofunga kwa uso wa kukunjamana.

Ria ya zama zetu mnaijua. Ni mwezi wa Ramadhani, kumeandaliwa ugawaji wa futari. Bibi ameitwa mbele. Mtoaji anamkabidhi mfuko wa unga, na bibi ameunyooshea mikono miwili, ameushika. Lakini mfuko hausogei. Mtoaji hajauachia, kwa sababu mpigapicha bado anarekebisha simu. Wamesimama hivyo, mikono minne juu ya kilo kadhaa za sembe, bibi anamtazama mtoaji, mtoaji anatazama kamera. Picha inapigwa, inarudiwa kwa kuwa bango la nyuma halikusomeka vizuri, ndipo mkono unaachia. Mtandaoni patatokea wa kuandika "unafiki mtupu." Ndugu zangu, unga ni wa kweli. Bibi atapika ugali, wajukuu watakula. Huyu mtu si mnafiki, ni mwenye ria, na tofauti si ndogo: mnafiki angempa bibi mfuko wa mchanga. Tukimkosoa kwa ria, tunaweza kumwambia jambo linalofanyika, kwamba atoe kamera abakize unga. Tukimwita mnafiki, mwakani ataondoa vyote viwili.

Hapo ndipo ulipo ugomvi wangu na neno hili. Ukimwita mtu kauleni, umemwonyesha kosa: ulisema Jumatatu, leo Alhamisi. Anaweza kuleta ushahidi, anaweza kulipa, anaweza kuomba radhi. Ukimwita ndumilakuwili, utaulizwa pande hizo mbili ni zipi na alisema nini kwa nani. Ukisema ana makuu, watu wataangalia mwenendo wake. Lakini mnafiki ni hukumu ya moyo. Atajiteteaje? Atapasua kifua? Na anayelirusha neno lile, katika kulirusha, amejipa macho ya kuona vifua vya watu, jambo ambalo Omar hakujipa hata kwa kifua chake. Amepanda hatua moja juu ya yule Mfarisayo, maana Mfarisayo alitaja kazi ya mtu tu, utozaji ushuru.

Mnaweza kusema mambo haya ni ya vitabu. Basi nichukue siasa. Azimio la Arusha la 1967 liliwakataza viongozi kuwa na mishahara miwili, kuwa na hisa katika makampuni, kuwa na nyumba za kupangisha. Wanachama wa TANU, chama kilichotawala wakati ule, walikuwa na ahadi zao, na wazee hapa mnazikumbuka: "Nitasema kweli daima, fitina kwangu mwiko." Wapo waliosema hivyo na kuishi hivyo, na wapo waliosema tu. Watu wa kawaida wa nchi hizi za Afrika Mashariki waliwaitaje wakubwa waliohubiri jasho na kupita juu ya vumbi ndani ya Mercedes-Benz? Waliwaita Wabenzi. Hawakujishughulisha na mioyo. Walilitazama gari, wakaweka wa- kama ya Wagogo na Wazaramo, likawa kabila jipya. Neno lile lilikuwa na ushahidi barabarani, limeegeshwa. Sioni matamshi marefu juu ya unafiki wa viongozi yaliyofanya kazi kama lile neno moja. Masharti yale ya Azimio yalilegezwa katika kikao cha CCM kilichofanyika Zanzibar mwaka 1991, na nadhani ndipo tuliporudi kwenye "unafiki", kwa sababu kipimo cha kuonekana kiliondoka, tukabaki kukisia nia.

Mfano wa upande wa pili, wa neno lililotoka usafi likaenda matusini, ni mlokole. Wengi hawajui limetoka wapi. Ni la Luganda, balokole, waliookolewa. Lilienea na uamsho ulioanzia Gahini, Rwanda, ukashika nguvu Uganda miaka ya 1930, ukapita Burundi, Kenya na huku Tanganyika kwa mlango wa Bukoba. Walokole wa kwanza walijulikana kwa jambo moja kuliko yote: kuungama hadharani. Mtu alisimama mbele ya kusanyiko akasema niliiba, nilimchukia fulani, nina deni nimelikana, kisha akaenda kurudisha alichoiba. Waliita kutembea nuruni. Fikirieni, watu waliojulikana kwa kutaja dhambi zao kwa sauti, leo jina lao mtaani ni la mtu anayetaja dhambi za wengine. "Usituletee ulokole hapa." Sijui kama kosa ni la walokole walioacha kuungama wakabaki kukemea, au la sisi tusiopenda mtu asiyekunywa nasi. Nahisi kila upande una sehemu yake. Wengine wanauita ulokole hata uaminifu wa kawaida wa mtunza fedha anayekataa kusaini risiti ya uongo, na hapo neno limekuwa silaha ya wezi.

Kwa upande wa Waislamu mtaani kuna shehe ubwabwa, anayeonekana kila penye maulidi yenye pilau. Nalitaja tu ili Wakristo wasidhani nimewaonea.

La mwisho ni namna ya kusema. Mama zetu wa pwani hawakurusha neno mnafiki hovyo, kwa kuwa jirani ni jirani, kesho mtaazimana kinu. Walikuwa na kanga. Jina la kanga linakaa chini, juu kidogo ya pindo, na mwenye kujua kuvaa hulipanga likae nyuma. Anakuja kwako, mnasalimiana vizuri, anauliza watoto, anakunywa maji. Hujaona kitu. Anaaga, anageuka, ndipo unasoma mgongoni: Hasidi hana sababu. Hajakutaja. Unaweza kuamua halikuhusu, naye ameshafika kona. Ukiwa na lako moyoni, umelipata. Wapo wanaosema fumbo ni unafiki wa kike, kwamba aseme wazi. Mimi naona kinyume. Fumbo linamwachia mtu ajipime mwenyewe na kanga iwe kioo. Tusi la wazi linampa nafasi ya kupigana tu. Mipasho ya leo ya mitandaoni, yenye picha na namba ya simu ya mtu, imekosa adabu hiyo, na imekosa ufundi pia.

Walimu, nina ombi dogo la darasani. Mpeni mwanafunzi insha aeleze mtu mwenye tabia mbaya, na mmkataze neno mnafiki. Nimelifanya hilo mara kadhaa. Dakika kumi za kwanza wanalalamika, kisha mmoja anaandika "anachekea jino la mbele," mwingine anaandika "uzuri wa mkakasi," mwingine anaacha majina yote na kueleza tu alichofanya mjomba siku ya kugawa shamba. Huyo wa tatu ndiye humpa alama nyingi.

Nimezungumza zaidi ya muda niliopewa, mwenyekiti ananitazama kwa upole ambao sitauita jina. Maswali nayapokea. Na mwenye neno la kwao ambalo sikulitaja, la Pemba, la Lamu, la Bukavu, la Kigoma, aje nalo hapa mbele na kalamu, daftari ninalo.